Mgeni Asiye na Bangili

Sehemu ya Sita

Kwa aliyechelewa kuungana nasi: mimi ndiye yule mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, aliyefukuzwa bwenini kwa kuongoza malalamiko ya maji, akaibiwa simu kituoni, akalala siku nne sakafuni kwa rafiki yake. Siku ya tano simu ya rafiki huyo iliita. Alikuwa mama.

"Mwanangu, wanasema nimewaibia wageni. Kikao cha nidhamu ni keshokutwa, saa nane mchana. Usije."

Akakata. Nami, kama mlivyosoma wiki iliyopita, nikapanda boti.

Mama amefua mashuka kwa miaka kumi na saba katika hoteli iliyo mwisho kabisa wa kisiwa kile. Sikuwahi kukikanyaga, ni yeye aliyekuwa akija nyumbani, mara mbili kwa mwaka, mikono ikinukia sabuni. Kanuni za kazi za hoteli hiyo ninazifahamu kwa sababu nilimsomea mwenyewe. Mfanyakazi akiitwa kikaoni ana haki ya msindikizaji mmoja wa kumsemea. Msindikizaji asipofika kabla mlango haujafungwa, kikao huendelea, na mfanyakazi hujitetea peke yake. Mama hajui kujitetea. Anajua kufua.

Nilishuka gatini saa tano na nusu. Kutoka gatini hadi hotelini ni kilomita kumi na sita. Nikajisemea kwamba muda unanitosha na kubaki. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nalikiri kabla sijafika mbali.

Mbele ya gati palikuwa na basi jeupe, vioo vyeusi, injini ikinguruma taratibu. Nikapanda ngazi ya kwanza.

"Dada, mkono," dereva akasema.

Nikampa mkono nimsalimu. Akaugeuza, akautazama juu na chini kama anayetafuta saa.

"Bangili iko wapi?"

"Bangili gani?"

"Ya hoteli. Mwezi huu ni ya buluu. Hili ni basi la wageni."

"Na mimi ni mgeni. Ndiyo kwanza nimefika."

"Wewe ni mtu aliyefika," akanisahihisha kwa upole. "Mgeni ni mwenye bangili. Shuka, dada, mlango unajifunga wenyewe."

Nikashuka. Mlango ukajifunga wenyewe.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na basi jingine, la kijani, lililobabuka rangi. Dereva wake alikuwa amelala viti viwili, miguu nje ya dirisha.

"Shikamoo, kaka. Hili linakwenda hoteli ya mwisho?"

"Kitambulisho cha kazi," akasema bila kufumbua macho.

"Sina. Mama yangu ndiye anacho."

"Basi apande mama yako."

"Yuko huko huko ninakotaka kwenda!"

"Kwa hiyo mmoja wenu ameshafika. Ni hatua." Akafumbua jicho moja. "Sikiliza, mdogo wangu, hata ungekuwa nacho. Basi la wafanyakazi hupeleka watu alfajiri na kuwarudisha saa kumi na mbili jioni. Katikati ya hapo mimi ni mtu wa kulala."

Nikaenda kwenye teksi. Zilikuwa nane, zimepangwa mstari mmoja. Dereva wa mbele akachomoa kalamu sikioni na fomu chini ya kioo.

"Hoteli gani? Chumba namba ngapi?"

"Hoteli ya mwisho. Sina chumba."

"Bila namba ya chumba fomu haijazwi. Bila fomu kizuizi hakifunguki."

"Nauli ninayo, kaka yangu."

"Nauli wote wanayo. Chumba ndicho kigumu."

Wenzake wakacheka. Sikuona cha kuchekesha. Nikawaambia kwamba barabara ile imejengwa kwa kodi ya umma, kwamba binadamu hapimwi kwa namba ya mlango, na kwamba siku moja watajiuliza walikuwa upande gani. Wakanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama watu wanaosikiliza redio ya jirani.

"Umesema vizuri sana," yule wa mbele akasema. "Sasa tupishe, kuna mwenye chumba nyuma yako."

Aliyeniokoa, au aliyeniponza, hukumu mtatoa wenyewe, alikuwa mama mmoja anayepiga deki gatini. Alikuwa ameegemea ufagio, akinitazama muda wote ule.

"Umemaliza kuhutubia?"

"Shikamoo, mama. Samahani, kuna njia nyingine ya kufika kule?"

"Marahaba. Njia ni nyingi. Ruhusa ndiyo moja."

Akaingiza vidole ndani ya kilemba chake, akatoa kitu, akakikunja ndani ya kiganja changu. Ilikuwa bangili ya mpira, ya buluu, yenye kifungo.

"Vaa, upande basi jeupe linalofuata. Ukimaliza nayo mpe mwenzio mwenye shida. Usiulize imetoka wapi."

"Siwezi, mama. Huu ni udanganyifu."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Unasoma nini?"

"Sheria."

"Ndiyo maana." Akaitumbukiza mwenyewe kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu. "Kiburi chako kikichoka miguu, utaikumbuka." Akarudi kwenye deki yake.

Nikaamua kutembea. Barabara ya lami ilikuwa na kizuizi, lakini ufuo, niliwaza, hauwezi kuwa na kizuizi. Tulifundishwa darasani, na nimepata alama nzuri katika somo hilo: mchanga unaofikiwa na maji ya kujaa ni wa watu wote. Nikavua viatu, nikashika njia ya pwani kwa mwendo wa mtu mwenye haki.

Haki hiyo ilidumu dakika arobaini.

"Hapo hapo, dada!" Mlinzi alinijia mbio, akizama kwenye mchanga. "Huu ufuo ni wa hoteli."

"Ufuo ni wa wote. Mpaka wa hoteli unaishia pale maji yanapofika yakijaa."

"Sawa."

"Kwa hiyo ninaruhusiwa kupita."

"Hapana."

Nikaingia baharini hadi magotini. "Na hapa je? Bahari nayo ni ya hoteli?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hadi kwenye yale maboya."

Nikayatazama maboya. Yalikuwa mbali, mekundu, yakipandishwa na kushushwa na mawimbi. Naogelea, lakini si kilomita kumi na tatu, tena na begi.

"Kaka, wewe mwenyewe unaamini hayo?"

"Dada yangu, mimi nina kamera ile pale juu." Akaashiria kwa kidevu. "Ukipita, jioni wataniuliza nilikuwa wapi. Wewe utakuwa umefika kwako. Mimi nitakuwa nimefukuzwa kwangu."

Hapo akanimaliza. Ningempitia bosi wake hata kwa magoti, lakini si yeye. Nikageuka kurudi gatini. Saa yangu ilisema saa saba kasoro dakika tano.

Wasomaji wangu, nimeshaandika insha mbili juu ya uadilifu, na moja ilipata zawadi. Nilisimama kwenye kituo cha basi jeupe, upindo wa sketi ukichuruzika maji ya chumvi, nikafungua mfuko wa pembeni wa begi, nikaivaa bangili. Kifungo kikalia *tik*. Nikaushusha mkono wa blauzi juu yake kwa aibu, kisha basi lilipofika nikaupandisha.

Dereva alikuwa mwingine. Hakunitazama usoni wala hakuutazama upindo wa sketi yangu. Alitazama mkono.

"Karibu sana, mgeni wetu. Maji baridi yako nyuma."

Basi lilikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Viti thelathini, abiria sita. Tulipofika kama nusu ya njia, nikamwona mwanamke kando ya barabara, amevaa sare ya wahudumu wa vyumba, viatu mkononi, mkono mwingine kiunoni. Alikuwa anatembea kuelekea gatini, tulikotoka sisi, juani, hatua moja kisha anapumzika. Alikuwa mgonjwa, hilo lilionekana hata kwa kasi ile.

"Dereva, simama! Yule mama anaumwa. Ukigeuza hapa utamfikisha gatini kwa dakika chache."

"Hana bangili," dereva akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mvua haijanyesha. Nikageuka kumtazama kupitia kioo cha nyuma mpaka barabara ikapinda.

Saa nane kasoro dakika tisa basi lilituteremsha kwenye mlango wa mbele wa hoteli. Kijana wa mapokezi akaninyooshea kitambaa chenye maji ya waridi. Nikakipokea, nikamwuliza wanapofulia ni wapi, akadhani nina nguo chafu, akajitolea kunichukulia. Nilikimbia nyuma ya majengo, nikafuata sauti ya mashine.

Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, kimejaa mvuke, mashine sita zikizunguka kwa pamoja. Wanawake wanne walikuwa wakikunja shuka, wawili wawili, wakikutana na kuachana. Mmoja akaniona.

"Wewe ni binti yake," akasema. Halikuwa swali. "Mlango wa mwisho. Kimbia, anafunga."

Afisa utumishi alikuwa ameshika kitasa. Nikatia mguu.

"Msindikizaji," nikasema nikihema. "Wa mama."

Chumba kilikuwa na meza moja na viti vinne. Afisa utumishi, mwanaume mwembamba mwenye faili, alikaa upande mmoja na mkuu wa ulinzi, mwanaume mpana asiye na faili. Upande wa pili alikuwa mama, sare yake imepigwa pasi kama ya siku ya kwanza kazini.

"Nilikwambia usije," akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umelowa."

Afisa akafungua faili, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma. Mtuhumiwa, dobi mkuu, anadaiwa kwamba kwa muda wa miezi minne amechukua, kutoka mifukoni mwa nguo za wageni zilizoletwa kufuliwa, bangili za utambulisho zipatazo kumi na moja, na kuzigawa kwa watu wasiostahili, ambao wamezitumia kupanda basi la wageni.

Nilihisi mpira ule kwenye ngozi yangu kama umepata moto.

Nikamkumbuka mama wa gatini na kilemba chake. Polepole, bila mtu kuona, nikavuta mkono wa blauzi hadi kwenye vifundo vya vidole.

"Msindikizaji ana la kusema?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeliandaa kwenye boti, nikidhani ni habari ya pete au saa, na likafaa vile vile. Nikauliza: nani alimwona mama akichukua? Hakuna. Nani alikamatwa na bangili? Hakuna. Je, kati ya mashine sita na mikono kumi, ni ipi iliyothibitishwa? Nikawaambia kwamba mwanamke huyu amefua miaka kumi na saba bila doa, na kwamba tuhuma isiyo na kielelezo ni uvumi uliopigwa muhuri. Sauti yangu haikutetemeka. Nadhani hata mama alishangaa kidogo.

Afisa utumishi akamtazama mkuu wa ulinzi. Mkuu wa ulinzi akatazama dari.

"Kwa kweli," afisa akasema, akianza kulifunga faili, "bila bangili hata moja mkononi..."

Tulikuwa tumeshinda. Nawaapia, tulikuwa tumeshinda.

"Swali dogo tu, binti," mkuu wa ulinzi akasema. Ndiyo mara ya kwanza kufungua kinywa. "Boti imefika saa tano na nusu. Basi la wafanyakazi halipo mpaka jioni. Teksi haikuchukui bila chumba. Wewe umefikaje hapa?"

Mashine zilizunguka. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Usimjibu," akasema. "Hajaitwa kujieleza yeye."

Nakiri kwenu jambo ambalo sijamkiria mtu. Jibu lilikuwa tayari ulimini: *nimetembea ufukweni*. Sketi yangu ilikuwa imelowa; nani angebisha? Lakini nikiwa nimeshafumbua mdomo nikamwona tena yule mhudumu juani, viatu mkononi. Ningesema nimetembea, ningekuwa nimewathibitishia kwamba njia ipo hata kwa asiye na bangili. Ningekuwa shahidi wao.

Nikapandisha mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko, nikauweka mezani.

"Kwa basi lenu. Kwa bangili hii. Nani kanipa, sitasema leo wala kesho."

Mkuu wa ulinzi akatabasamu taratibu, kama mtu anayekunjua leso. Afisa akafungua faili tena.

"Binti yako, mama," akasema, "ndiye kielelezo."

Nilingoja mama anilaumu. Badala yake akasukuma kiti nyuma, akasimama. Mama yangu ni mfupi. Sijui ni kwa nini siku ile wote tulimtazama kwa kuinua shingo.

"Zilikuwa kumi na nne," akasema. "Si kumi na moja. Hata kuhesabu hamjui."

"Mama!"

"Kaa kimya, mwanangu, umeshasema vya kutosha na umesema vizuri." Akawageukia wao. "Suruali za wageni huja na kila kitu. Pete nimerudisha. Saa nimerudisha. Meno ya bandia nimerudisha, tena ndani ya kikombe safi. Yule dada wa jikoni mnamkumbuka? Uchungu ulimshika saa nne asubuhi. Basi jeupe likampita mara mbili. Akazalia kwenye kibanda cha mlinzi, juu ya magazeti, na nyinyi mkamletea kadi ya pongezi. Mtoto alikwisha kufa. Kadi ilikuwa na picha ya puto."

Akaigusa meza kwa kidole, akaendelea.

"Toka siku ile nikaanza kuziweka. Anayeumwa anavaa, anafika gatini kwa daktari, anamwachia mwingine. Mgeni akipoteza bangili anapewa nyingine hapo hapo, na juisi juu. Yule dada mlimpa nini kingine?"

Afisa utumishi alikuwa akiandika mbio mbio. Kwa sekunde chache nilidhani ameguswa. Kisha akageuza karatasi ili mama asaini, nikasoma alichoandika. Mstari mmoja: *Mtuhumiwa amekiri kuiba bangili kumi na nne.*

Mama akasaini kwa herufi kubwa, akavuta mstari chini yake.

"Na msindikizaji," afisa akasema, akinisogezea kalamu. "Kanuni zinataka saini yako, kwamba umesikia. Bila hiyo kumbukumbu si halali."

Nikairudisha kalamu mezani. "Basi haitakuwa halali."

"Saini," mama akasema.

"Mama, nikisaini unafukuzwa kama mwizi."

"Usiposaini wataniita tena wiki ijayo, na ijayo yake, mpaka nichoke nikane. Sitaki kukana. Nimesema kweli mbele ya watu wazima watatu. Usinifanye mwongo uzeeni."

"Lakini si uliyosema haya! Wameandika nusu!"

"Basi wewe uliyesoma," akasema, na sauti yake ikawa ile ya nyumbani, ya kunituma dukani, "andika nusu iliyobaki."

Nikaitazama karatasi upya. Chini kabisa palikuwa na maneno madogo: *Maoni ya msindikizaji*. Na nafasi ya mistari miwili.

"Hapo huwa tunaandika 'hakuna'," afisa akanielekeza.

Nikachukua kalamu. Nikaanza na dada wa jikoni. Mistari miwili ikaisha kabla sijafika kwenye kibanda.

"Naomba karatasi nyingine."

"Hakuna karatasi nyingine."

Nikaigeuza ile ile, nikaendelea mgongoni. Afisa akaunyoosha mkono kuichukua. Mama akauweka wake juu ya kona ya karatasi, ule wa miaka kumi na saba ya sabuni, na karatasi haikusogea.

Mkuu wa ulinzi akasimama. Akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, akainua simu ya mezani.

"Sasa hili si la utumishi tena," akasema. "Polisi wa gatini waje."

"Waje kwa usafiri gani?" mama akauliza. "La wafanyakazi ni saa kumi na mbili."

"Watapanda la wageni."

"Wana bangili?"

Afisa utumishi akakohoa ndani ya ngumi. Nje, mashine moja ikanyamaza, kisha ya pili, na nikasikia nyayo zikija kwenye mlango uliofungwa. Mkuu wa ulinzi hakugeuka.

"Ndiyo, afande," aliiambia simu, macho kwetu. "Wizi. Watu wawili, mama na binti. Ndiyo, binti naye."

Nami nilikuwa nimefika mstari wa tisa, na bado sijaweka saini.